Kofia ya Karabai

Mimi nina diploma ya maarifa ya nyumbani. Naitaja mapema kwa sababu mwaka ule niliitaja kila mahali, kanisani, sokoni, hata kwa mtu aliyesimama kuniuliza njia ya kwenda Boma, na ni haki nawe uisikie kabla hujaona niliifanyia kazi gani.

Ilikuwa Kwaresima ya mwaka 1955. Mvua ilikuwa haikatiki, na baridi ya Ufipa iliingia ndani bila kubisha hodi. Tulikaa Izia, pale Sumbawanga, katika nyumba ya matofali yenye madirisha madogo, ya aina inayojengwa na watu wanaoogopa upepo kuliko giza. Mume wangu, Zenon, alikuwa bwana shamba, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha wazee kulima matuta ambayo wao walikuwa wakiyalima kabla hajazaliwa. Mama yake, Mama Dominika, alikuwa amehamia kwetu kutoka Kasense pamoja na vyungu vyake, vikapu vyake na maoni yake. Mimi nilikuwa mwalimu. Na Luciana, binti yetu wa pekee, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka shule ya bweni kwa sababu ya surua.

Surua ilipona. Macho yakakataa. Yalibaki mekundu, yakitoka machozi kila alipotazama kitu chenye kung'aa. Tabibu alimfunua kope, akaguna, akanigeukia mimi kana kwamba mgonjwa ndiye mimi.

“Asisome kwa koroboi, moshi utamuumiza. Asikae mbele ya karabai tupu, ule mwanga ukimpiga usoni utamuumiza zaidi. Anahitaji mwanga mwingi kwenye daftari na kivuli kwenye macho.”

“Na fanusi je?”

“Kioo cha fanusi yenu mmekisafisha lini?”

Nina diploma, lakini nina kazi pia.

“Hata ikisafishwa ni hafifu kwake,” akasema. “Atakuwa anaibusu karatasi ndipo aone herufi. Mkiyachokoza macho haya tena, Mwalimu, nitaandika apumzike hadi mwaka ujao.”

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Sista mkuu alikuwa amesema waziwazi: Luciana arudi baada ya Pasaka, afanye mtihani wa masomo yaliyompita. Akishinda, atabaki na wenzake. Akishindwa au asipofika, kitanda chake atapewa msichana mwingine anayesubiri. Na msichana akikaa nyumbani mwaka mzima huku kwetu, hawezi kukaa bure. Mjomba wa mume wangu alikuwa amekwisha kupita mara moja kuulizia “afya ya mtoto”, akiwa na rafiki yake mwenye ng'ombe wengi na mtoto wa kiume. Walimtazama Luciana namna watu wanavyotazama mtamba mnadani. Nikawapa chai isiyo na sukari wakaondoka.

Kwa hiyo ilikuwa lazima mtoto asome, na asome jioni, kwa sababu mchana nilikuwa nafundisha watoto wa wengine, na hesabu zile za sehemu na asilimia hakuna mtu mwingine nyumbani aliyeziweza. Zenon alijaribu siku moja. Luciana aliniomba kwa adabu nisimruhusu tena.

Karabai tulikuwa nayo. Tuliinunua kwa Bashiri, mfanyabiashara wa mjini mwenye duka na lori, na ilining'inia kwenye ndoano juu ya meza ya sebuleni. Ukiipiga pampu vizuri, kile kisoksi chake cheupe kinawaka kama jua lililokasirika. Haijui kumulika kwa upole. Tena juu yake, pale panapotokea hewa ya moto, pana joto la kuchoma mhindi. Najua hivyo kwa sababu Zenon aliwahi kuchoma mhindi pale.

“Kinachotakiwa,” nikatangaza tukiwa tunakula, “ni kofia ya taa. Kitu cha kuifunika kwa juu na ubavuni, mwanga ushuke mezani.”

Mama Dominika aliacha kutafuna. Akainua macho ukutani.

“Kitu kipana,” akasema. “Cheupe. Kisichoungua.”

“Ndiyo, mama.”

“Kama kile.”

Sikuhitaji kugeuka. Pale ukutani, kwenye msumari wake mwenyewe, lilitundikwa beseni langu la enameli: jeupe ndani na nje, ukingo wa buluu, na maua ya waridi mekundu ubavuni. Nilipewa chuoni siku ya kumaliza, zawadi ya unadhifu. Mbele ya wasichana wote niliitwa jina, nikapanda jukwaani nikiwa na soksi zilizotoboka ndani ya viatu. Tangu siku hiyo beseni lile lilikuwa la kunawisha wageni wa heshima tu. Wengine wote walinawa kwenye sufuria.

“Kile ni cha wageni, mama.”

“Wageni gani? Padre alikuja mara moja, akasema amekwisha kunawa.”

“Atakuja tena Pasaka.”

“Haya,” akasema Mama Dominika, akarudi kwenye ugali wake.

Nilianza na karatasi. Karatasi ngumu ya shule, ile ya kuchorea ramani. Niliikata kwa mawimbi ukingoni, nikaigundisha kwa uji wa ngano, nikaichora ndege wawili waliotakiwa kuwa njiwa. Ilipendeza sana hivi kwamba kabla hata sijaijaribu niliipeleka kwenye klabu ya akina mama, ambako nilifundisha kila Alhamisi, nikaisimamisha mezani na kutoa somo zima juu ya mwanga nyumbani.

Jirani yangu Agnesi akanyoosha mkono. Agnesi alikuwa hanyooshi mkono ila anapotaka kunitia aibu.

“Mwalimu, na hiyo karatasi haitaungua?”

“Agnesi, tupo hapa kujifunza, hatupo kubishana.”

“Sawa, Mwalimu. Na hao kuku wawili wamekaa vizuri.”

Jioni ile nikaivalisha karabai kofia yake. Kwa muda ilikuwa raha tupu. Mwanga ulishuka mezani, Luciana akafungua daftari bila kukunja uso, nami nikasimama mlangoni nimefunga mikono kifuani kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Kisha kwenye karatasi pakatokea duara la kahawia. Duara likakua, likawa kama chapati inayoiva. Nikawaza, rangi hiyo nayo si mbaya.

“Mama,” akasema Luciana, “njiwa mmoja hana kichwa.”

Karatasi yote ilishika moto kwa mpigo. Luciana aliinama chini ya meza. Zenon ndiyo kwanza alikuwa anaingia kutoka shambani na koti lake la mvua limelowa chapachapa. Akarukia kiti, akalikumbatia lile joto kwa koti, mkono mmoja ukiwa bado ndani ya mkono wa koti. Moto ukazimika. Kioo cha karabai kilinusurika sijui kwa rehema ya nani. Alipojinasua alikuwa na masizi hadi puani.

“Somo la Alhamisi lilikwendaje?” akaniuliza.

Agnesi alijua kabla hata ya misa ya Jumapili. Kuta za Izia hazijawahi kutunza siri.

Mtu mwenye akili hapo angeangalia ukutani. Mimi niliangalia elimu yangu. Nikajieleza hivi: karatasi iliungua kwa sababu ilifungia joto. Basi kinachotakiwa ni kitu chenye matundu, hewa ipite. Na kitu chenye matundu, kigumu, chenye umbo la kofia hasa, kilikuwa kimeinamishwa juu ya dari ya jikoni: kikapu cha kimea cha Mama Dominika. Ndicho alichooteshea ulezi wa kutengenezea pombe miaka yote, kwanza kwao, kisha kwa mumewe, kisha kwangu. Kwaresima kilikuwa kimepumzika.

“Kichukue,” akasema. “Lakini kile kimeonja ulezi kuliko babu yake Zenon.”

“Nitakiosha, mama.”

“Kioshe.”

Nilikiosha kwa sabuni ya mche, nikakisugua kwa mchanga, nikakianika kwenye kijua kidogo kilichojitokeza. Nikakinusa. Hakikunuka chochote. Nikakitundika kwa waya, mbali kidogo na taa kuliko ile karatasi, maana nilikuwa nimejifunza jambo moja. Hakikuungua. Luciana akasoma. Mwanga ulipita kwenye matundu ukadondoka kwenye daftari madoadoa kama kanga, yule ndege, na akawa anauliza kama hii ni nukta ya desimali au ni taa, lakini alisoma.

Jioni ya pili kikapu kikapata joto hadi moyoni mwake.

Nilikuwa jikoni. Harufu ilikuja taratibu, tamu, nzito, ya ulezi uliochipua ukipashwa moto. Kila mtu aliyezaliwa Ufipa anaijua. Ni harufu ya kimpumu, pombe yetu ya ulezi, kinapotiwa maji ya moto, watu wamezunguka chungu na mirija yao, mtu fulani ameshaanza kuimba. Ikajaza sebule. Ikatoka dirishani. Ikavuka ua.

Lazima nieleze kwamba siku ya Jumatano ya Majivu ni mimi niliyesimama mbele ya akina mama nikawaapisha kutoonja pombe hadi Pasaka. Wengine walikuwa hawataki. Niliwahutubia hadi wakataka.

Hodi ya kwanza ilikuwa ya Agnesi. Alikuwa amejifunika kanga mbili kwa ajili ya manyunyu, na kwenye mkono alishika mrija wake mwenyewe.

“Shikamoo mama,” akamwamkia Mama Dominika, akanigeukia. “Mwalimu, hujambo? Nimepita tu.”

“Umepita na mrija?”

“Huwa natembea nao.”

“Agnesi, hapa hakuna pombe.”

Akavuta hewa puani, polepole, hadi mwisho. “Sawa. Sisi Kwaresima yetu ni ya watu wa kawaida. Ya watu wenye diploma siijui.”

“Ni taa!”

“Taa.”

“Ni kofia ya taa inayonuka!”

“Nimekuelewa, Mwalimu. Taa ikiiva uniite.”

Nyuma yake walikuja wanaume wawili waliokuwa wanarudi kutoka mashambani, na nyuma yao, mwavuli juu, katekista Alois. Huyo hakuja na mrija. Alikuja na uso. Nikamshika mkono nikamwingiza sebuleni, nikamwonyesha kikapu. Akakitazama kikapu, akamtazama Luciana anayepiga hesabu chini ya kimea, akanitazama mimi.

“Mwalimu Kalista,” akasema kwa sauti ya maungamo, “kwa nini hasa umekipika kikapu?”

Zenon alitoka nje. Nilimsikia akicheka nyuma ya banda la kuku, akijitahidi kukohoa.

Nilipokishusha, kwa ndani kikapu kilikuwa kimeshakuwa cheusi sehemu iliyoelekea juu ya taa. Siku mbili zaidi kingewaka. Mama Dominika alikipokea, akapitisha kidole kwenye weusi ule, akakipangusa kwenye kanga yake.

Siku za Pasaka zikawa zinakuja nasi tupo kwenye sehemu, hatujafika asilimia. Sikutaka debe. Kila nyumba Sumbawanga ilikuwa na kitu kilichotengenezwa kwa debe la mafuta ya taa, ndoo, mlango wa banda, koroboi, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba sebule ya mwalimu haitaning'inizwa debe. Sasa nikalikata debe mwenyewe kwa mkasi wa bati, nikalikunja mfano wa faneli, nikakunja na kingo lisimkate mtu. Mpaka hapo, nakwambia kweli, nilikuwa nimefanya kazi nzuri. Bati haliungui. Ningeliacha vilevile, hadithi ingeishia hapa, na mimi ningekuwa mwanamke mwenye busara.

Lakini lilikuwa na sura ya debe. Nikaenda kwa Bashiri kununua rangi.

“Rangi hii ni ya milango, Mwalimu,” akasema Bashiri. “Unapaka mlango?”

“Napaka kofia ya taa.”

“Ya karabai?”

“Ya karabai.”

Akashusha kopo kutoka kwenye rafu lakini hakuliachia. “Mlango haupati moto.”

“Mlango na taa vyote ni vya nyumba moja, Bwana Bashiri.”

“Haya. Wewe ndiye msomi.” Akaliachia.

Nilichagua buluu. Ukitaka kujua kwa nini, tazama ukingo wa beseni langu. Nilitaka vifanane. Nilipaka nje, nikapaka na ndani, mara mbili, nikaliacha likauke hadi halikunishika kidole.

Jioni nikalitundika. Luciana akakaa. Kwanza likatoa jasho. Kisha rangi ikatoka malengelenge, kisha ukashuka moshi wa kijivu wenye ukali wa pilipili, na kwa kuwa kofia nilikuwa nimeitengeneza vizuri sana, moshi wote ulielekezwa palepale mwanga ulipoelekezwa, usoni mwa mtoto wangu.

Aliinuka akiwa ameziba macho kwa viganja. Hakulia. Alisema tu, “Mama, inauma,” na sauti ile ndiyo iliyoniondolea mzaha wote niliokuwa nao.

Usiku haukuwa mzuri. Asubuhi kope zilikuwa zimevimba hadi zimekutana. Tabibu alikuja mwenyewe nyumbani, akamsafisha kwa dawa, akamfunga kitambaa chenye maji baridi. Kisha akalishusha lile debe la buluu, akalinusa, akaliweka chini.

“Siku nne asifumbue macho kwenye mwanga wowote,” akasema. “Nitarudi. Yakiwa yametulia, asome. Yakiwa hivi, nitaandika ile barua, na usinibishie.”

Sikubisha. Nilikwangua rangi kwa kisu, lakini iliyobaki kwenye mikunjo iliendelea kufuka moshi nilipojaribu juu ya jiko. Nikalitupa bandani, kuku wakalala ndani yake.

Jioni zile tulikaa gizani. Luciana kitandani na kitambaa machoni, mimi kwenye kigoda, mlango wazi ili tupate joto la jikoni, ambako Mama Dominika alikuwa anakoroga kitu. Hesabu haziendi gizani. Nikawa namuuliza masomo ya kukariri: mito, wafalme, magonjwa ya ng'ombe. Kisha nikafika kwenye somo langu mwenyewe, maana maarifa ya nyumbani nayo yalikuwamo kwenye mtihani, na notisi zake nilimwandalia mimi.

“Vyombo vya nyumbani,” nikasema kwa sauti ya darasani. “Taja chombo kinachostahimili moto, kisichotoa harufu wala moshi. Eleza sababu.”

Luciana akageuza kichwa kwenye mto.

“Chombo cha enameli,” akasema. “Ni bati lililopakwa rangi ya namna ya kioo, na rangi hiyo imechomwa kwenye tanuru lenye moto mkali. Kwa sababu imekwisha kupita motoni kiwandani, haiungui tena jikoni. Haitoi harufu. Haishiki rangi ya kitu. Ikiwa nyeupe, hurudisha mwanga. Hubanduka ikigongwa, kwa hiyo mwanamke mwangalifu haigongi.”

Maneno yalikuwa yangu. Hadi lile la mwanamke mwangalifu. Nilikuwa nimelisema kila mwaka, mbele ya kila darasa, nikionyesha kwa kidole beseni langu mwenyewe, ambalo nililipeleka shuleni siku ya somo hilo na kulirudisha nyumbani nimelifunga kwenye blanketi.

Jikoni mwiko uliacha kukoroga.

“Luciana,” nikasema, “umejua hivyo tangu lini?”

“Tangu darasa la nne, mama. Ulipotufundisha.”

“Na hukusema?”

“Ulisema ni la wageni.”

Kutoka jikoni Mama Dominika akakohoa kikohozi kirefu, cha mtu asiyeumwa.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Nilifungua mfuko wa ulezi nikauweka chini uani, nikalilaza beseni kifudifudi juu yake ili lipate mahali laini pa kuegemea. Nikachora duara kitakoni kwa mkaa, pana kuliko kichwa cha karabai, joto lipate pa kutokea. Zenon alileta nyundo, msumari na patasi, akasimama.

“Nikate mimi?”

“Umewahi kukata enameli?”

“Hapana. Na wewe?”

“Nina diploma.”

Akaniachia nyundo, akamwondoa kila mtu uani na kuniletea miwani yake ya pikipiki. Niliivaa. Ukiniwazia, niwazie hivyo: mwalimu wa maarifa ya nyumbani, miwani ya pikipiki usoni, anagonga zawadi yake ya unadhifu kwa msumari. Nilitoboa matundu kufuata duara, karibukaribu, kisha nikaingiza patasi. Enameli ilibanduka kwa vipande vidogo vyenye makali vilivyoruka hadi kwenye sketi. Waridi moja lilipasuka katikati. Mkono ulisita hapo, sikatai. Nikamkumbuka yule rafiki wa mjomba na ng'ombe wake, nikagonga.

Agnesi alikuwa amesimama kwenye ua wa matete.

“Mwalimu,” akaita, “hilo si ndilo la wageni?”

“Ndilo.”

Agnesi akajifunga kanga yake kiunoni. Akaingia, akachukua ufagio, akaanza kufagia vile vipande kuku wasije wakavila.

Nililiosha, nikakunja meno ya tundu kwa koleo, nikalitundika kwa nyaya tatu kwenye ndoano ileile, kimo cha ukingo wake kikawa chini kidogo ya kisoksi cha taa. Tukaiwasha karabai kabla giza halijaingia. Tukaketi kuitazama kama watu wanaotazama sufuria ya maziwa. Hakuna moshi. Hakuna harufu, ingawa Agnesi alinusa mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Hewa ya moto ilipanda kwenye tundu, mwanga ukadondoka mezani mweupe, mtulivu, bila doa hata moja. Na ukikaa kwenye kiti cha Luciana huoni taa. Unaona meza tu.

Tabibu alirudi siku aliyosema. Akafungua kitambaa, akatazama kope, akatazama juu, akatazama tena kope.

“Asome,” akasema.

Tulisoma. Tulimaliza asilimia, tukaingia kwenye riba. Macho yalitoka machozi mara mojamoja, tukapumzika, tukarudi. Mama Dominika aliacha kulala mapema, akaleta kigoda chake na kusuka kikapu kipya cha kimea chini ya mwanga uleule, maana cha zamani nilikuwa nimekipika.

Pasaka padre alikuja. Bila shaka alikuja. Mwaka mzima nilimngoja, akaja mwaka sina beseni. Zenon alileta maji ya kunawa, nami nikamshikia padre sufuria ya ugali chini ya mikono, sufuria yenye mpini mmoja. Akanawa vizuri tu. Alipokuwa anajipangusa akainua uso, akaona ukingo wa buluu na waridi juu ya kichwa chake, na moja limepasuka.

“Maua mazuri,” akasema. “Yalikuwa ya nini?”

Nikafungua mdomo kumweleza chuo, jukwaa, unadhifu. Mama Dominika akaniwahi.

“Ya mtoto, padre. Anasomea.”

Luciana aliondoka na lori la Bashiri siku chache baadaye, amekaa mbele karibu na dereva, amevaa kofia ya majani yenye ukingo mpana niliyomnunulia. Kisha tukakaa. Nilifundisha, nilipika, nilimgombeza kila mtu kwa usawa. Kila jioni Zenon aliwasha karabai ingawa hakukuwa na mtu wa kusoma, na sisi watatu tukakaa kuizunguka meza tupu.

Lori liliporudi, Bashiri mwenyewe alikuja kwa miguu hadi mlangoni petu. Hajawahi kufanya hivyo, hata kwa madeni.

“Mwalimu,” akasema kabla ya salamu, “amebaki na wenzake. Sista amesema nikuambie hesabu zake zilikuwa nzuri kuliko za waliokuwapo darasani muda wote.”

Mama Dominika alipiga kigelegele hadi kuku wakatoka kwenye debe lao la buluu. Zenon akakaa chini. Mimi nikasema karibu ndani, Bwana Bashiri, ule nasi, kwa sababu nilihitaji kugeuka nitazame mahali pengine.

Akaketi mezani. Akatandaza mikono yake yenye vumbi la njia nzima na kungoja maji, macho yakizunguka ukutani penye msumari mtupu, hadi yakapanda juu na kuliona beseni. Nikamletea sufuria.